Picha ya Saa Nne Asubuhi

Mwezi uliopita binti mmoja wa kikundi chetu cha utafiti aliingia ofisini kwangu na kompyuta mpakato mkononi, imefunuliwa, akaiweka mezani juu ya karatasi zangu, wala hakuketi. Kwenye kioo kulikuwa na shamba la kahawa la Kagera, dogo, halifiki ekari mbili. Ramani moja ya dunia nzima, iliyochorwa na mashine, ilikuwa imelipaka shamba hilo rangi nyekundu. Tafsiri yake ni kwamba hapo palikuwa na msitu, na msitu huo umefyekwa baada ya mwaka 2020. Mnunuzi wa kahawa alikuwa amekiandikia chama cha msingi akitaka maelezo, chama kikaomba msaada chuoni, na barua ikatua kwetu.

Walio katika biashara ya kahawa wanajua barua za namna hii zinakotoka. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na mazao ya ng'ombe yanayoingia kwenye soko lake yasitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kila shamba lioneshwe lilipo kwa vipimo vya ramani. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawakusubiri. Wameshaanza kuuliza, na wanaoulizwa ni wakulima ambao wengi wao hawajawahi kuiona picha ya shamba lao kutoka juu.

"Dokta," binti alisema, "nadhani mashine imekosea. Lakini sina hakika, na sitaki kuandika jambo nisilo na hakika nalo."

Nilimwambia aketi. Sikumjibu mara moja kwa sababu maneno yake yalinirudisha mbali. Nimeongoza watafiti wa mabadiliko ya ardhi kwa miaka karibu ishirini, na mtu akiniuliza kitu kigumu kupita vyote katika kazi hii, sitataja kompyuta wala mawingu ya pwani. Kigumu ni kumfanya kijana aliyeajiriwa juzi aseme "sina hakika" mbele ya mkubwa wake, na akishasema, asikilizwe.

Niliingia kazi hii nikiwa mwanafunzi wa shahada ya pili, mwaka 1999. Aprili ya mwaka huo setilaiti ya Landsat 7 ilirushwa, na picha yake moja iliuzwa dola 600 za Kimarekani. Fedha hizo zilitosha kutulaza na kutulisha porini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo tulinunua picha moja kwa mradi mzima. Ilifika kwa posta, ndani ya diski, na mwalimu wetu aliifungua ile bahasha taratibu kama mtu anayefungua barua ya posa.

Tulikuwa watu watano na picha moja. Tuliichapa vipande vipande, tukaviunganisha kwa gundi juu ya meza, tukatandaza karatasi angavu juu yake, kisha kila mmoja akapewa pembe yake na penseli iliyochongwa vizuri. Picha hiyo ilifunika eneo lenye upana wa kilomita 185, na kila pikseli yake ilikuwa mraba wa mita 30 kwa 30. Uwanja wa mpira unaingia pikseli nane hivi. Kwa hiyo nyumba ya mtu huioni, ng'ombe humwoni, mti mmoja huuoni. Unachokiona ni wastani wa mwanga uliorudishwa na vyote vilivyomo ndani ya mraba ule, pamoja na mwanga wa infraredi ambao jicho halina uwezo nao, lakini jani bichi huurudisha kwa wingi kuliko kitu kingine chochote shambani. Kazi yetu ilikuwa kuupa huo wastani jina: msitu, shamba, maji, makazi, ardhi tupu.

Mwalimu alituwekea sharti moja. Jina lolote utakaloliandika, uwe umefika mahali hapo kwa miguu yako, au umezungumza na mtu aliyefika. Tuliliona sharti zito. Tulidandia malori ya mkaa, tulilala kwenye madarasa ya shule za msingi, tulirudi na miguu imevimba, na mara nyingine siku nzima ya kutembea ilizaa majina sita tu. Lakini sikumbuki kipindi kingine ambacho nilikuwa na uhakika na kila mstari niliouchora.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyenisimulia habari za Virginia Norwood, mhandisi wa Marekani ambaye wenzake walikuja kumwita mama wa Landsat. Setilaiti ya kwanza ya familia hiyo ilirushwa Julai 1972 ikiwa na vifaa viwili. Kamera za mfano wa televisheni ndizo zilizopewa heshima. Kifaa alichokisanifu Norwood, kilichofagia ardhi kwa kioo kinachotikisika huku na huku, kilibebwa kama jaribio la pembeni, na wapo waliokuwa hawaamini kwamba kioo kinachotikisika kinaweza kutoa picha iliyonyooka. Muda mfupi baada ya kurushwa, kamera zilipata hitilafu ya umeme zikazimwa. Kifaa cha pembeni ndicho kilichobeba kazi, na vifaa vilivyofuata kwa miongo kadhaa vilirithi wazo lake. Niliisikia habari hiyo nikiwa mdogo kuliko wote mezani, na nilidhani naelewa maana yake. Nilikuja kuielewa baadaye, nilipokuwa mkubwa wa meza.

Mwaka 2006 nilikabidhiwa kikundi. Picha zenyewe zilikuwa za tabu. Tarehe 31 Mei 2003 kifaa cha Landsat 7 kinachonyoosha mistari ya picha kiliharibika, na tangu siku hiyo kila picha ilikuja na michirizi myeusi, asilimia 22 hivi ya ardhi haipo. Landsat 5, iliyorushwa mwaka 1984, ilikuwa bado inazunguka, lakini haikuwa na kinasa cha kuhifadhi picha. Ilitegemea kuzipeleka papo hapo, na kwa maeneo mengi ya Afrika Mashariki kuna miaka ambayo hazina yake ni tupu. Tuliziba michirizi kwa picha za miezi mingine, tukashona, tukabandika.

Kisha mwaka 2008 Marekani ikaamua hazina yote ya Landsat, kuanzia 1972, itolewe bure kwa yeyote. Kikundi kilichozoea kugawana picha moja kilijikuta na mamia. Intaneti ya chuo ilikuwa nyembamba, kwa hiyo tulipakua usiku, kwa zamu, na umeme ukikatika saa nane za usiku, mwenye zamu anaanza upya. Vijana walikuwa na furaha ambayo sijaiona tena. Na katika furaha hiyo, mimi niliyekuwa kiongozi nililiacha sharti la mwalimu bila hata kujua nimeliacha.

Mwaka 2010 tulikuwa na kazi ya kupima mabadiliko ya misitu ya miombo kusini, pande za Kilwa na Liwale. Tulilinganisha picha mbili zilizopishana miaka kumi. Ramani ilipotoka kwenye printa, chumba kilinyamaza. Eneo kubwa la kijani lilikuwa limegeuka kahawia. Nilisimama mbele yake nikasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, kwamba hali ni mbaya kuliko tulivyodhani na wahusika waambiwe haraka. Wote waliitikia kwa vichwa. Nikapanga siku ya kwenda kuwasilisha.

Siku mbili kabla ya safari, kijana mdogo kuliko wote, mzaliwa wa Nachingwea, alinifuata kwenye ngazi. Alianza kwa kuomba radhi. Kisha akasema, "Dokta, picha ya zamani ni ya Juni. Hii mpya ni ya Septemba."

Hakuongeza neno, wala hapakuwa na haja. Miti ya miombo hupukutisha majani kiangazi. Mwezi Juni, mvua zikiwa zimekatika punde, miti bado imevaa. Septemba mingi iko uchi, nyasi chini yake zimeshaungua na moto wa kila mwaka, udongo umebaki mweusi. Wiki chache baadaye, hata mvua haijanyesha, matawi yanachipua majani yenye rangi ya shaba, kisha kijani kinarudi. Nilikuwa nimetangaza kifo cha msitu uliolala.

Nilimuuliza amelijua hilo tangu lini. Tangu siku ya kwanza, akasema. Mbona hukusema?

"Nilidhani umeshalizingatia. Halafu, Dokta, ulikuwa umeshasema."

Maneno hayo nimeyabeba miaka yote hii. Alikuwa na elimu ambayo chumba kizima hakikuwa nayo, kwa sababu amekulia chini ya miti hiyo, na sauti yangu ndiyo iliyoifunika. Kama angekuwa na aibu kidogo zaidi, takwimu zile zingeingia kwenye ripoti, ripoti ingeingia kwenye mipango, na vijiji vizima vingelaumiwa kwa misitu ambayo haikukatwa.

Tulirudia kazi nzima kwa picha za msimu mmoja. Sehemu kubwa ya kahawia ilitoweka. Kilichobaki kilikuwa upotevu wa kweli, nao ulitisha kwa namna yake: ulifuata barabara, ukaingia ndani kidogo kidogo kutoka kwenye kila tanuri la mkaa. Na tulipokwenda kukagua, tukakuta kosa la pili lililojificha upande wa furaha. Maeneo kadhaa tuliyokuwa tumeyaandika "msitu uliorudi" yalikuwa mikorosho. Mkorosho hauvui majani yote kiangazi, kivuli chake ni kizito, na kwa setilaiti shamba la mikorosho iliyokomaa ni msitu mzuri tu.

Tangu hapo mikutano yetu ya matokeo huanza na mdogo na kuishia kwangu. Mwanzoni haikufanya kazi. Vijana wetu wamelelewa wasitangulie kusema mbele ya wakubwa, na adabu hiyo nami nimefunzwa, naipenda, sikutaka kuivunja. Nikabadilisha swali. Zamani niliuliza, "Una maoni gani juu ya ramani hii?" Swali hilo linamtaka mdogo amhukumu mkubwa, na kijana mwenye malezi atasema ni nzuri. Nikaanza kuuliza, "Kama ramani hii ina kosa, litakuwa wapi?" Hapo nimemtuma kazi, na mtoto akitumwa huenda. Wiki ya kwanza nilipata makosa manne.

Delta ya Rufiji ndiyo iliyonifunza zaidi, na hapo nitakaa kidogo.

Hakuna mahali penye mikoko mingi hivyo kwenye pwani nzima ya Afrika Mashariki. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, na tangu mwaka 2004 delta hiyo, pamoja na Mafia na Kilwa, imo katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu ya Ramsar. Wakati huohuo ni nyumbani kwa watu wanaovua, wanaokata boriti, na wanaolima mpunga. Tulitakiwa kupima ni mikoko kiasi gani upande wa kaskazini imekatwa kupisha mpunga. Ilikuwa mwaka 2013, Landsat 8 imeanza kazi, na ikawa inapishana na Landsat 7 siku nane juu ya eneo lilelile. Tulishangilia. Picha mbili ndani ya siku nane, mahali penye mawingu kama pale, ni bahati.

Picha hizo mbili hazikukubaliana. Siku nane kati yake, na kwenye mojawapo ukingo mzima wa mikoko michanga ulikuwa umepotea. Tulishuku programu. Tukashuku michirizi ya Landsat 7. Vijana wawili walianza kushukiana, kila mmoja akiamini mwenzake amekosea hesabu, na nililazimika kuwatenganisha kazi. Tulikwenda deltani huku jambo hilo halijatatuliwa.

Nahodha aliyetubeba hakuzitazama picha. Aliuliza tarehe. Tulipomtajia, akauliza tena, "Tarehe za mwezi huu wa angani, siyo za kalenda yenu." Akahesabu kwa vidole, midomo ikisogea bila sauti. Kisha akauliza setilaiti inapita saa ngapi. Tukamwambia ina ada yake, haibadiliki: ni kati ya saa nne na saa tano asubuhi.

"Basi," akasema. "Hii ya kwanza ni bamvua. Bamvua saa nne maji yamekwenda zake, unaona matope na miti yote hadi miguuni. Hii ya pili ni maji mafu. Maji mafu saa nne yamejaa. Miti midogo imezama hadi shingoni."

Setilaiti ilikuwa imekuja saa ileile, kwa uaminifu wake wote, na bahari ilikuwa na saa yake. Kila mvuvi wa pwani hii anaijua hesabu hiyo tangu utotoni, maana bila hiyo hapati chakula. Sisi tulikuwa na shahada, na miongoni mwetu mlikuwa na watoto wa Mafia na Bagamoyo waliokulia kwenye bamvua na maji mafu. Hakuna aliyeileta elimu ya nyumbani kazini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba inahitajika kazini. Hilo nalihesabu kuwa kosa langu. Usiku ule tuliwaketisha wale vijana wawili pamoja na nahodha, wakaandika jedwali la maji kwa kila picha tuliyokuwa nayo. Walirudi Dar es Salaam wakiwa marafiki.

Kesho yake tulikwenda kukagua sehemu ambayo ramani yetu iliiita "mikoko iliyoharibika". Tuliingia kwa mtumbwi kwenye mkono mwembamba wa mto, pondo likizama kwenye tope nusu yake. Tulipotokea uwandani tulikuta dungu, kibanda juu ya nguzo ambamo Warufiji hukaa kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Mzee mmoja aliteremka ngazi kutupokea. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akaniita mwanangu, akauliza tumekuja kupima nini.

Nilimwonyesha ramani. Akaitazama muda mrefu, akachuchumaa ukingoni mwa jaruba, akang'oa mche mmoja wa mpunga na kuniwekea kiganjani. Shina lilikuwa limekatwa mshazari, safi, kama kwa mkasi.

"Kaa," alisema. "Unapanda leo, usiku anakata. Unapanda tena. Mimi sasa nahamishia miche iliyokomaa, shina likiwa gumu linamshinda. Lakini mwenye nguvu kidogo anachoka, anahama."

Halafu akaanza kutusimulia ile sehemu tuliyoiita iliyoharibika. Alipokuwa kijana, maji ya chumvi ndiyo yaliyotawala pale, ilikuwa mikoko mitupu. Baada ya mafuriko makubwa ya miaka ya sabini mwishoni, mto ulielekeza nguvu zake upande huu wa kaskazini, maji baridi yakaingia, na ardhi ikakubali mpunga. Watu wakafyeka, wakalima. Miaka michache baadaye magugu na kaa wakaongezeka, watu wakahamia mbele, na nyuma yao michu midogo, aina ya mikoko, ikaanza kuota yenyewe. Alituonyesha. Ilikuwa kweli, vichipukizi vya mchu vilikuwa vimesimama kati ya mabua ya zamani, vingine vinanifikia gotini.

"Sasa, mwanangu, mtaandika nini? Ni mikoko, ni mpunga, ni pori?"

Ramani yetu iliruhusu jina moja kwa kila pikseli. Nilimjibu hivyo. Akasema kwa upole kwamba hapo basi tutasema uongo tukichagua lolote. Tulirudi tukalifuta neno "iliyoharibika" kwenye orodha yetu, kwa sababu halikuwa kipimo cha kitu chochote, lilikuwa hukumu. Mahali pake tuliandika historia, kwa kufuata picha mwaka hadi mwaka: mikoko, kisha mpunga, kisha mpunga ulioachwa, kisha mikoko inayorudi. Ilichukua mwaka mmoja zaidi, na mfadhili hakufurahi. Siijutii siku hata moja ya mwaka huo. Mikoko ilikatwa, tena mingi, wala mzee hakuficha hilo. Lakini kukatwa na kuisha ni mambo mawili, na mtu anayeamua hatima ya delta ile anastahili kuyaona yote mawili.

Kuna jambo moja la Rufiji linaloniuma hadi leo. Miaka miwili baada ya ripoti yetu nilikwenda kwenye mkutano wa kijiji, na mwenyekiti akatoa nakala ya ramani yetu aliyopewa mahali fulani. Ilikuwa imenakiliwa kwa mashine ya rangi nyeusi na nyeupe. Kijani chetu cha mikoko na chekundu chetu cha mpunga vilikuwa vimetoka kijivu kilekile. Kwenye nakala ile delta nzima ilionekana kama doa moja, na kwa muda wote huo mabishano yalikuwa yakiendeshwa juu yake, huyu akisema ramani inamlinda, yule akisema inamfukuza, na wote wakiwa na karatasi isiyosema lolote. Tulitumia wiki nyingi kuchagua rangi nzuri za kompyuta, wala hatukufikiria karatasi ingepita wapi. Sasa kila ramani inayotoka kwetu hunakiliwa kwanza kwenye mashine ya stesheneri iliyo mtaani, na maeneo hutofautishwa kwa mistari na nukta pamoja na rangi. Kijana mgeni akiniuliza kwa nini, namwonyesha ile nakala. Nimeihifadhi.

Mengine nitayapita haraka. Nimepoteza vijana wazuri walioitwa kwingine kwa mishahara ambayo sikuweza kuifikia, na nimejifunza kuwafundisha wanaobaki kana kwamba nao wataondoka. Nimegombana na washirika wa mbali waliotaka nukta zilizokaguliwa uwandani bila majina ya waliozikusanya. Nahodha wa Rufiji jina lake limo katika orodha ya waandishi wa makala yetu, na nililipigania.

Na nimepambana na asilimia. Mtu akiniambia ramani yake ina usahihi wa asilimia 95, humwuliza: usahihi wa nini? Chukua nukta 100, ambazo 95 ni msitu na 5 ni mashamba. Mwenye uvivu akaziandika zote msitu. Amepata asilimia 95, na amewafuta wakulima wote watano. Ramani za dunia nzima zinapimwa kwa wastani wa dunia nzima, na wakulima wadogo wenye miti mashambani ndio hao watano.

Nilimweleza binti sehemu ya haya, siku ile alipoleta kompyuta. Kisha tukafunga safari ya Kagera.

Shamba lilikuwa la bibi mmoja mjane. Ukisimama ndani ya kibanja chake unaelewa mara moja kwa nini mashine ilichanganyikiwa: juu miti ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa maharage. Mwanga wa jua unafika ardhini kwa vipande vidogo kama sarafu. Kwa kipimo cha sheria ya Ulaya, kilichotoka kwa FAO, msitu ni eneo linalozidi nusu hekta lenye miti ipitayo mita 5 na uvuli uzidio asilimia 10. Kwetu Tanzania urefu unaanzia mita 3. Kwa vipimo hivyo kibanja kingekuwa msitu, isipokuwa kwa kifungu kimoja: ardhi ya kilimo haihesabiwi, hata iwe na miti. Setilaiti haisomi vifungu.

Bibi hakukataa kwamba alikata. Mwaka 2021 mibuni yake ilikuwa mikongwe, haizai, akaikata mashina ili ichipue upya, na miti miwili ya kivuli akaipasua mbao za paa. Machipukizi yalikuwa yamesimama, manne manne kwa shina, yamebeba. Picha ya mwaka huo iliona mwanya mwekundu. Ilichoona ni mkulima anayetunza kahawa yake.

Lakini tuthibitishe vipi kwamba palikuwa shamba kabla? Binti aliuliza hilo, mimi sikuwa nimefungua mdomo. Bibi alitutangulia kati ya migomba hadi penye kaburi. Lilisakafiwa kwa saruji, na mtu alikuwa ameandika kwa kidole kabla saruji haijakauka: jina la mume wake, na chini yake, 1987. Kando yake palikuwa na mbuni mnene kuliko mingine yote. Aliupanda mama mkwe, alisema, naye alikuta mingine imeshapandwa.

Binti alipiga picha ya kaburi, akaandika vipimo vya mahali, akasimama kidogo pasipo kuandika chochote.

Mchana tulikaa ukumbini kwa chama cha msingi. Katibu alisoma barua ya mnunuzi kwa sauti, akaikunja, akanigeukia mimi. "Dokta, tuwajibu nini?" Nilimtazama binti. Alifungua daftari lake mbele ya bibi, akaligeuza ili maandishi yamwelekee yeye, akasema, "Bibi, kama hapa nimekosea, ni wapi?"

Bibi akaomba miwani.